Papa Murhula, Aliyenifundisha Kupiga Picha za Ndege

Josiane mwanangu,

Umekwenda Nkungu kumuaga nyogokuru, bibi yako, na mama yako bado yuko sokoni Kamembe. Nina mchana mzima peke yangu katika nyumba hii, na mvua imeanza kupiga mabati, kwa hiyo hakuna jirani atakayepita kunisalimu. Kesho asubuhi utavuka daraja la mpaka uende Bukavu. Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya kutotembea peke yako giza likiingia, mama yako amekuambia mara tatu na mimi sitayarudia. Nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka kumi.

Nakuandikia kwa Kiswahili, ingawa tungeweza Kinyarwanda, kwa sababu mtu nitakayemtaja humu aliongea nami Kiswahili, na maneno yake nataka uyasikie kama alivyoyasema.

Nianze na kamera yako. Mwaka juzi shangazi yako alikuletea ile kamera ndogo ya dijitali kutoka Kigali. Juma zima ulikuwa nyuma ya nyumba, kwenye ua wa maua mekundu, ukiwakimbilia chozi wanaokuja kunyonya. Siku moja ulikuja mbio ukaniwekea kioo chake mbele ya macho. "Papa, angalia, nimemupata!" Kilichoonekana ni ua linalotikisika na kivuli cha kitu kilichokwisha kuruka. Ukasema, "Maman anasema wewe ulikuwa unajua hii kazi sana. Unifundishe." Nikakunyang'anya kamera, nikaifungia kabatini, nikasema kupiga picha ndege ni kazi ya watu wasio na kazi. Ulikaa siku mbili bila kunisemesha. Uliporudi kuongea nami ulikuwa na adabu zote, lakini tangu siku ile hukuniomba kitu tena. Hata habari ya chuo cha uuguzi uliipanga na mama yako, mimi nikaletewa karatasi za kusaini.

Nimeitoa kabatini leo. Iko juu ya sanduku lako, na betri yake imejaa.

Kosa la picha yako nililiona papo hapo, na ningeweza kukueleza kwa maneno machache. Ulikuwa unamfuata. Chozi ni mwepesi kuliko miguu yako na kuliko kidole chako, hutampata kwa kumfuata. Ungechagua ua moja lenye mwanga mzuri, ukasimama hatua nne kutoka hapo, jua likiwa mgongoni mwako, ukamwacha azungukie mengine yote mpaka afike kwenye lile lako. Angefika. Huwa wanarudi palepale. Nilijua hivyo na nikakunyima, kwa sababu kukufundisha kungenilazimu kulitaja tena jina la aliyenifundisha mimi.

Ni Papa Murhula. Yule niliyekuambia amekufa vitani.

Hakufa, Josiane.

Sasa nimeandika sentensi hiyo, naweza kukuambia mengine kwa utaratibu.

Kamera yangu ya kwanza, ile ya filimu, niliinunua Bukavu mwaka tuliokuwa tunajiandaa kuhamia huku Rwanda. Wakati ule wakimbizi kutoka Rwanda walikuwa wamejaa kila kona ya mji, na vitu vyao vilitandazwa chini sokoni: sufuria, redio, saa za mkono, viatu vya watoto. Mimi niliyezaliwa katika ukimbizi wa wazazi wangu nilichuchumaa pale nikanunua kitu cha mkimbizi. Kwenye mkanda wake kulikuwa na jina la mtu, limeandikwa kwa wino. Sikuuliza mwenye jina hilo yuko wapi. Nilipofika nyumbani nililikwangua kwa wembe.

Tulipovuka nikapewa darasa la nne kule Mururu. Watu waliposikia mwalimu mpya ana kamera, walianza kuja. Mwanamke mmoja alifika akaniomba nimpige picha mtoto wake. Nikamwuliza mtoto yuko wapi. Akafungua kitambaa, akatoa picha ya kitambulisho iliyoliwa na maji, sura haionekani, akasema, "Ni huyu. Umupige tena, atoke muzuri." Nilimwambia kamera imeharibika. Baada ya hapo sikutaka kupiga picha ya mtu yeyote. Jumamosi iliyofuata nikateremka mtoni, nikawaelekezea kamera ndege kwa sababu walikuwa pale na hawakuwa wakiniomba kitu.

Sikujua lolote. Nilimaliza filimu nzima kwa nusu saa, picha thelathini na sita, nikaipeleka Bukavu kusafishwa katika studio moja iliyokuwa kwenye barabara kubwa. Aliyekuwa katika chumba cha giza alitoka nazo mkononi, mtu mwembamba mwenye koti lililomzidi, vidole vimebadilika rangi kwa dawa za kusafishia. Akazipanga juu ya meza kama karata.

"Mwalimu," akasema, "hii filimu yako yote ni majani."

"Kuna ndege mle."

"Iko wapi? Unionyeshe."

Nikamwonyesha doa katikati ya matete.

Akainama, akaangalia kwa kioo cha kukuzia. "Ile ni ndege, ao ni mavi ya ndege?"

Wateja wote walicheka, nami nikacheka. Huyo ndiye Murhula. Yeye mwenyewe alikuwa amejifunza kupiga ndege tangu ujana, kwa kamera za studio alizoazima siku za Jumapili, na alikuwa hajapata mtu wa kuongea naye habari hizo. Wenzake walipiga harusi na ubatizo. Akaniuliza ninakaa wapi, nikamwambia Mururu, karibu na mto. Akasema, "Jumapili minakuya."

Alikuja Jumapili ile na Jumapili nyingi baada yake. Alivuka kwa miguu baada ya misa, tukala ugali na sambaza za mama yako, wale dagaa wa ziwani, kisha tukateremka. Siku ya kwanza aliponikuta nimeweka filimu mpya aliitoa akaitia mfukoni mwake. Nilishinda mtoni na kamera tupu. Nilitakiwa kumtafuta ndege kwa lenzi, kuiweka sawa, kubonyeza, na yeye akikaa pembeni anaangalia si ndege bali mimi. "Umechelewa," anasema. "Umechelewa tena. Ile imeisha kwenda, unapiga kiti chake." Nilikasirika kama mtoto. Lakini jioni ile nilikuwa nimeanza kuona kwamba ndege kabla ya kuruka hujikusanya kidogo, mara nyingi hunya, na shingo husogea mbele. Kabla ya siku ile nilikuwa nimetazama ndege miaka thelathini na nane bila kuona.

Mambo aliyonifundisha nakupa kama alivyonipa, uyatumie. Usimwendee ndege moja kwa moja, zunguka kama mtu anayetafuta kuni, wala usimkazie macho. Teremka mpaka urefu wake. Ndege wa majini umpige ukiwa umelala kwa tumbo, nguo zitafuliwa. Jicho ndilo picha. Jicho lisipotoka vizuri, hata mabawa yawe mazuri namna gani, tupa. Usipige asubuhi ukungu ukiwa bado juu ya maji, ila kama unataka ukungu wenyewe. Ukimkuta kwenye kiota usikate tawi hata moja ili umwone vizuri, maana uliyemwona wewe, na mwewe atamwona. Na ukiwa na hamu kubwa sana ya picha fulani, ujiulize kwa nini. Hilo la mwisho alinitania nalo mara nyingi. Sikulichukua.

Wewe ulikuwa na miaka saba, minane. Alikubeba mabegani mpaka chini mtoni, akakuita "assistante", msaidizi wake, akakufundisha kuweka kidole mdomoni mtu yeyote akisema kwa sauti. Ulimwekea mpaka padri siku moja. Najua unakumbuka, kwa sababu uliniuliza habari zake kwa majuma mengi.

Chini ya Mururu, ukingo wa mto umekatika wima kama ukuta wa udongo. Murhula ndiye aliyegundua tundu la mdiria mle, yule mweusi na mweupe anayesimama hewani juu ya maji akipiga mabawa, kisha anajitupa kwa mdomo. Jike na dume walikuwa wanalisha makinda. Wangetoka, wangevua, wangerudi na samaki mdomoni kupitia mahali palepale. Murhula akasema, "Hii, Mwalimu, ukiipata na samaki mudomoni, jicho likitoka, nitaiweka kwa kioo ya studio. Bukavu yote itaiona." Nilianza kuiota picha ile. Niliona jina langu chini yake.

Ukingo ule unatazamana na daraja.

Vita vya pili vya Kongo vilianza juma hilohilo. Magari ya askari yalikuwa yanapita mchana na jioni. Murhula alivuka Jumapili moja bila kukaa kula. Alinikuta nafuta lenzi hapo mlangoni, mama yako akiwa amesimama.

"Mwalimu, ile apareyi ya picha usiitoe inje sasa," akasema. "Lenzi ndefu vile, bantu batasema unachunguza pont, hii daraja yabo. Ndege zitazaa tena mwaka kesho."

"Nitaangalia tu," nikamwambia.

"Hapana kuangalia. Unisikie."

Mama yako alisema, "Umesikia, Papa Josiane?" Nikasema nimesikia.

Siku ya Alhamisi darasa lilitoka mapema, nikaenda. Nilijiambia makinda yatakuwa yameruka ikifika Jumapili. Nililala kwa tumbo kwenye majani, na nilimpata. Dume lilikuja kutoka upande wa daraja na samaki amekaa mshazari mdomoni, mwanga ukimpiga ubavuni, nami nikabonyeza mara tatu nikajua bila shaka yoyote kwamba jicho limetoka. Sijawahi kufurahi vile kwa kazi ya mikono yangu. Nilikuwa bado nimelala pale, nacheka peke yangu, niliposikia mtu nyuma yangu anasema, "Simama polepole."

Walikuwa wawili, na nguo za kiraia. Sitakuambia walikuwa wa nani, sikujua wakati ule na sina hakika sasa. Walinipeleka katika nyumba moja yenye lupango, ukuta wa matofali kuizunguka. Wa kwanza alifungua mgongo wa kamera, akaivuta filimu yote nje juani, mita nzima ikaning'inia mkononi mwake. Nilimwambia, "Isafisheni, mtaona, ni ndege tu!" Akaitazama ile filimu iliyokwisha kuungua kwa mwanga, akasema, "Sioni ndege."

Sasa usome hapa polepole, mwanangu. Sikupigwa sana. Kwa miaka hii yote, watu walipodhani niliteswa, nimewaacha wadhani. Nilipigwa makofi mawili. Nililala usiku tatu juu ya saruji. Nilisikia mtu akilia chumba cha pili, na kile kilio kilinitosha. Asubuhi ya tatu waliniuliza nani alinifundisha kutumia lenzi ya namna ile, na filimu hupelekwa wapi. Nikasema jina lake, studio yake, na kwamba huvuka kila Jumapili baada ya misa. Wakaniuliza ni nani aliyenionyesha mahali pale pa kulala. Nikasema ni yeye. Hilo lilikuwa kweli. Halafu yule aliyekuwa anaandika akainua kichwa akasema, "Kwa hiyo ni yeye aliyekutuma upige daraja."

Ningesema hapana. Ningesema alinikataza, mke wangu ni shahidi, alisimama mlangoni kwangu akanikataza. Maneno yalikuwepo mdomoni. Nilimtazama yule mtu, nikaona kwamba akiandika hivyo mimi nitakwenda nyumbani. Nikasema, "Ndiyo."

Wakaniambia nisaini, nikasaini.

Ilikuwa Jumapili. Waliniweka mpaka alasiri. Waliponifungulia mlango nikapita uwanjani, na Murhula alikuwa amekaa chini karibu na ukuta, amevuliwa viatu, lile koti lake limechafuka. Bahasha yake ya picha ilikuwa imemwagwa chini karibu naye; alikuwa ananiletea zile za mwezi uliopita. Aliponiona aliinua mkono akanipungia. Alitabasamu, Josiane. Nilidhani anafikiri nimekuja kumtoa. Nikageuza uso, nikatembea mpaka kwenye lango, nikatoka. Kutoka pale mpaka hapa nyumbani ni mwendo wa saa moja, na sikumbuki hatua hata moja.

Kamera hawakunirudishia. Picha zote zilizokuwa nyumbani nilizichoma jioni ileile. Mama yako akaniuliza, "Bantu balimuona Papa Murhula anavuka leo, hamukukutana?" Nikamwambia yote. Hakulia wala hakunifokea. Alichukua godoro lake akalipeleka kwenye chumba chako, akalala huko miezi mingi. Wewe ulifurahi, ulidhani ni kwa ajili yako.

Mke wa Murhula alikuja hapa mara mbili. Mara ya kwanza nilijificha chumbani, mama yako akasema nimekwenda Nkungu. Nilimsikia yule mama akisema, "Banasema Mwalimu alitoka. Kama alitoka, si atanionyesha nyumba yenyewe? Mimi nitaenda kulia mbele yabo." Alikuwa hajui. Mara ya pili ulikuwa umekaa mezani unafanya hesabu, nawe ukasema, "Papa iko chumbani." Sikutoka, naye akaenda zake. Unakumbuka nilivyokuchapa jioni ile? Nilikuambia ni kwa sababu ya hesabu.

Baada ya hapo maswali yako yakawa mengi. Papa Murhula atakuja lini. Amekasirika? Tumfuate? Ndipo nilipokuambia amekufa vitani. Nilitaka tu unyamaze. Ulilia juma zima, ukatengeneza msalaba wa vijiti ukauchomeka kule mtoni, nami nikakushika mkono wakati unauchomeka. Katika yote niliyofanya, hilo la kukushika mkono ndilo linanichukiza zaidi.

Walimwachia baada ya miezi minne. Tulisikia kwa wafanyabiashara wanaovuka. Sikwenda. Mwaka ukapita, nikasema nitakwenda vita vikitulia. Vikatulia, nikasema sasa imekuwa zamani, nitamtonesha tu. Kila sababu ilikuwa na sura nzuri. Bukavu nikawa siendi, na nilipolazimika kwenda nilizunguka kupitia mtaa wa juu ili nisiione ile studio. Mtu anaweza kuishi hivyo muda mrefu sana, kinyume na wanavyosema. Nilikula, nililala, nilipandishwa cheo shuleni.

Kisha wewe ukapata nafasi chuoni. Mwezi uliopita nilipopeleka karatasi zako, nilimwona. Yuko palepale, mbele ya geti la chuo chako, chini ya mwavuli wa manjano, anauza kadi za simu. Nilijibanza nyuma ya gari, nikarudi nyumbani na karatasi zako mkononi. Ndiyo maana zilichelewa, si kosa la posta kama nilivyokuambia.

Nilimwambia mama yako. Akaendelea kumenya ndizi zake mpaka akamaliza. Akasema, "Mutoto atapita pale kila siku. Utamuambia wewe, ao nitamuambia mimi. Lakini mbele ya yote, uende kwa ule muntu."

Nilikwenda Alhamisi iliyopita. Amezeeka kuliko mimi. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki, anahesabu kadi kwa mkono wa kushoto. Nilisimama mbele ya meza yake. Alinitazama kama anavyotazamwa mteja, kisha uso wake ukabadilika.

"Mwalimu," akasema. "Ulikawia."

Hakunipa kiti, nami sikuomba. Nikasema niliyojiandaa kusema: kwamba ni mimi niliyetaja jina lake, na kwamba nilisema uongo, kwamba alinituma.

"Najua," akasema. "Balinisomea karatasi yako. Yote, na sahihi yako chini. Siku ileile nilifika."

Sikuelewa mara moja. Nikamwambia, "Lakini uliponiona uwanjani ulinipungia mkono. Ulicheka."

"Nilikuwa nimeisha kusomewa."

"Kwa nini basi ulinipungia?"

Akapanga kadi zake, akazipangua. "Nilitaka usimame. Nilisema, Mwalimu ameogopa kule ndani, muntu anaogopa, si kitu. Lakini akiniona na macho yake atasimama. Ataambia bale bantu, huyu nilimusingizia, zilikuwa ndege tu. Neno moja. Walikuwa wamekuacha, walikuwa hawana kazi nawe tena. Ungelisema na ungelienda." Akaniangalia. "Nilicheka kusudi usiogope kukaribia."

Nilikuwa nimebeba miaka kumi kwamba nilimsaliti mtu asiyejua. Nilikuwa nimezoea uzito wa jambo hilo. Kumbe alijua, na alikuwa amenifungulia mlango, nami nikapita mbele ya mlango huo nikitazama upande.

Mwanafunzi mmoja akaja kununua kadi. Alipoondoka Murhula akauliza, "Na Josiane? Assistante?"

Nikamwambia unakuja kusoma hapo, nyuma ya geti lile.

"Ulimuambia nini juu yangu?"

"Nilimwambia ulikufa."

Alicheka kwa muda mrefu, mpaka akafuta macho kwa ule mkono mbovu. "Bon. Sasa umuambie nilifufuka, asikuye kuniangukia hapa mbele ya bantu." Akaacha kucheka. "Mutoto akuye, nitafurahi kumuona. Yeye sina neno naye. Lakini wewe, Mwalimu, usikuye tena. Nikikuona, siku yangu inaharibika."

Nilisema nimesikia. Nikaondoka.

Sikupata nafuu, nisikudanganye tena. Nilidhani nikisema nitalala vizuri, na silali. Huenda ni haki. Nimekuandikia si kwa sababu unaweza kunisamehe kwa niaba yake. Huwezi, na usijaribu. Nimekuandikia kwa sababu ulimlilia mtu aliye hai, na ni mimi niliyekuliza.

Kule utakuwa muuguzi. Kuna siku utaogopa, kila mtu huogopa, na kwa woga wenyewe sitakulaumu. Mimi sikuharibikiwa asubuhi nilipoogopa. Niliharibikiwa alasiri, nilipokuwa nimekwisha kufunguliwa na sina cha kuogopa tena, nikaendelea kutembea. Halafu kila siku baada ya hiyo, kwa miaka kumi, nilikuwa naweza kugeuka, na kila siku niliendelea kutembea. Hayo ndiyo ninayoyajua. Sina mengine makubwa.

Nilikuwa nimefikiri kuificha barua hii chini ya nguo zako, uisome ukiwa ng'ambo, mbali nami. Kalamu yangu ilipofika katikati nikaona huko ni kutembea kulekule. Ukirudi kutoka Nkungu nitakupa mkononi. Nitakaa kwenye kiti mbele yako mpaka uimalize. Ukiwa na la kuniuliza, uliza, nitajibu mama yako akisikia. Ukitaka kunyamaza mpaka kesho darajani, nitakubebea sanduku nikiwa kimya.

Na siku utakapokwenda kwenye ule mwavuli wa manjano, mpelekee kamera yako aione. Mwambie akufundishe yeye, anajua kuliko mimi. Msalimie kwa jina lako. Mimi usinitaje, ila akiuliza.

Baba yako